Nani Ana Kivuli Dar es Salaam?

Pita kituo chochote cha daladala kisicho na paa, mwezi wa pili, saa tisa alasiri. Utakuta abiria wamejipanga mstari mmoja, na mstari wenyewe hauelekei mlango wa gari lolote. Wamejipanga kwenye kivuli cha nguzo ya umeme. Kivuli chenyewe hakizidi upana wa shubiri, lakini kila mmoja amehakikisha angalau uso umeingia. Mwenye mtoto mgongoni anageuka ubavu ili kichwa cha mtoto kipate. Jua likisogea, mstari unasogea nao, na hakuna aliyemwambia mwenzake asogee. Saa saba hata hicho hakipo. Mwanzoni mwa Machi jua la Dar linapita juu ya utosi kabisa, na nguzo inabaki na kidoa cha kivuli miguuni pake.

Kila ninapoona mstari ule nakumbuka mikutano ya mabadiliko ya tabianchi, ile ya hoteli zenye kiyoyozi ambako mtu inabidi avae koti. Huko wanazungumzia nyuzi joto za dunia nzima na mwaka 2050. Hapa kituoni swali ni dogo na la leo: kwa nini hapa hapana mti? Ulikuwepo? Nani aliukata, na nani alipaswa kupanda mwingine? Mimi naamini kivuli ni huduma ya afya, na kwenye jiji hili kinagawanywa kwa fedha, wale wanaokihitaji zaidi wakiwa mwisho wa foleni.

Tuanze na joto lenyewe, kwa sababu joto la Dar lina tabia yake. Ukimwambia mtu wa Dodoma kwamba Dar leo ni nyuzi 33 atakuona unadeka. Lakini Dodoma hewa ni kavu. Mwili wa binadamu unajipoza kwa jasho, na jasho linapoza pale tu linapokauka. Pwani hewa imejaa unyevu tayari, jasho halina pa kwenda, linatiririka tu mpaka kwenye soksi. Moyo unaendelea kusukuma damu kwenda kwenye ngozi ili joto litoke, na joto halitoki. Kijana mwenye afya atalalamika na kunywa maji. Mzee mwenye presha, mama mjamzito, fundi ujenzi aliye juu ya jukwaa la mbao, hao miili yao inalipa.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanaoongelea miti mijini hulipita haraka. Mti unapoza kwa njia mbili: unazuia miale ya jua, na majani yake yanatoa mvuke unaopoza hewa. Hiyo ya pili inafanya kazi vizuri sana kwenye miji mikavu. Kwetu, hewa ikiwa imeshalowa, faida ya mvuke inapungua. Kinachobaki ni kivuli, yaani kuzuia jua lisifike kwenye ngozi, kwenye lami, kwenye ukuta wa tofali na kwenye bati. Kwa hiyo Dar inahitaji mti wenye mwavuli mpana juu ya vichwa vya watu. Hapo ndipo ninapogombana na wapambaji wa jiji. Mitende ya urembo inayopangwa katikati ya barabara haimfuniki hata kuku. Miashoki ndiyo kabisa, imenyooka kama mishumaa, watu wanaipanda uani kwa sababu ni nadhifu na haimwagi majani kwa jirani, kisha wanakaa chini yake wakiungua. Nyasi za ukoka zenye kibao cha "usikanyage" sina hata la kusema.

Usiku ni sura nyingine. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa jua kutwa unaanza kurudisha joto jua likishazama. Nyumba nyingi za uswahilini ni chumba kimoja familia nzima, bati bila dari, dirisha moja ambalo linafungwa mapema kwa kuogopa mbu na wezi. Feni inazungusha hewa ileile ya moto, na umeme wa luku, ule wa kulipia kabla, unakatika saa tisa usiku. Mtu anaamka amechoka kuliko alivyolala. Tunapozungumza afya na joto tunafikiria mtu kuzimia juani, lakini madhara makubwa zaidi yanaingia taratibu kupitia usingizi ulioharibika, presha isiyoshuka na hasira zisizo na sababu. Ukuta huohuo ukiwa na mti upande wa magharibi, jua la saa tisa na saa kumi halifiki, na kufikia saa nne usiku chumba kinalalika. Hiyo unaweza kuipima mwenyewe kwa kiganja: gusa ukuta wenye kivuli, kisha gusa usio nacho.

Sasa fungua ramani ya setilaiti kwenye simu yako. Anza Masaki na Oysterbay: kijani kila mahali, mapaa yamejificha chini ya miti. Sogeza kidole kuelekea Manzese, Tandale, kisha vuka hadi Mbagala. Rangi inageuka kutu na kijivu, bati limegusana na bati, na doa la kijani likionekana ujue ni shule, makaburi au bonde la mto. Ramani ya kivuli na ramani ya kodi za nyumba ni ramani moja.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Wajerumani walipoweka makao yao Dar waligawa mji kwa aina ya majengo, na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu ambazo babu zetu walizipa majina yasiyo na kificho: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni palikuwa upande wa bahari, kwenye upepo, na viwanja vilipimwa vikubwa ili bustani zienee. Bustani ya mimea pale karibu na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa 1893 kama shamba la kujaribia mazao ya biashara, na hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa 1897 kwa ajili ya Wazungu, ikitazama maji na miti. Walijua kabisa kwamba hewa na kijani vinamsaidia mgonjwa. Walijua pia kwamba havitoshi wote, au waliamua hivyo.

Viwanja vya Mnazi Mmoja ndiyo mfano unaoniuma zaidi. Leo tunapajua kwa mikutano, mabaraza ya Idd, Mwenge wa Uhuru na wapiga picha wa papo kwa papo. Waingereza waliuacha ule uwanja wazi ili utenganishe Kariakoo ya Waafrika na mji wa wengine, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya: magonjwa yasivuke. Hifadhi ya wazi tunayojivunia katikati ya jiji ilizaliwa kama uzio. Wenyeji waliigeuza kuwa yao baadaye, kwa kukaa, kucheza na kudai uhuru. Lakini tabia ile ya kuona kijani kama mali ya watu fulani haikuondoka na meli. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao wanaishi kwenye makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa, ambako barabara yenyewe ni kichochoro cha kupita bajaji moja. Mti utasimama wapi?

Ushahidi kwamba haya mambo yanagusa mwili si wa kubahatisha. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti mdogo kuhusu hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alilinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Nusu vitanda vyao vilitazama miti dirishani, nusu vilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka mapema kidogo na walitumia dawa chache kali za maumivu. Wagonjwa 46 ni wachache, na mtu mwenye shaka ana haki ya kuwa nayo. Hata hivyo, nenda hospitali yoyote kubwa ya serikali kabla ya muda wa kuona wagonjwa uangalie ndugu wamekaa wapi. Viti vya chuma vya kwenye korido viko wazi, na chini ya mwembe pamejaa, watu na hotipoti zao.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Philadelphia, uliochapishwa 2018, kwa sababu unahusu mitaa ya watu wa kipato cha chini na haukuhitaji bustani ya kifalme. Walichukua viwanja vitupu 541 vilivyojaa takataka wakavigawa kwa bahati nasibu. Vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikawekewa uzio mfupi wa mbao. Vingine viliondolewa takataka tu. Vilivyobaki viliachwa vilivyo. Watu walioishi karibu na viwanja vilivyopandwa, waliosema wanajisikia na huzuni nzito walipungua kwa zaidi ya asilimia 40 wakilinganishwa na wale wa viwanja vilivyoachwa. Kwenye mitaa maskini zaidi pungufu lilikuwa kubwa kuliko hapo. Kuondoa takataka peke yake hakukuleta tofauti ya maana. Gharama ilikuwa kama dola 1,600 kwa kiwanja, kisha kama 180 kwa mwaka kukitunza. Nani hapa mjini hajui kiwanja cha wazi ambacho kimegeuka dampo, halafu yadi ya magari, halafu siku moja unakuta msingi umechimbwa?

Ulaya nao walihesabu. Watafiti waliangalia miji 93 katika kiangazi cha 2015 wakakadiria kwamba joto la ziada la mijini lilichangia vifo vya mapema takribani 6,700, na kwamba kama miti ingefunika asilimia 30 ya kila mji, zaidi ya theluthi moja ya vifo hivyo vingeepukika. Miji hiyo kwa wastani ilikuwa na asilimia kama 15. Ni hesabu ya kompyuta, na ni ya Ulaya, yenye hewa na nyumba tofauti na zetu. Lakini mwelekeo wake hauna utata.

Nirudi Mbagala, kwa shangazi yangu. Kliniki walimpima presha wakamkuta iko juu. Wakampa vidonge na maneno tunayoyajua wote: punguza chumvi, punguza mafuta, tembea nusu saa kila siku. Nilipomuuliza anaendeleaje na mazoezi alinitazama kwa huruma.

"Nitembee wapi, mwanangu? Alfajiri giza na vibaka. Mchana jua. Jioni bodaboda wananikwangua kiwiko."

Sikuwa na jibu. Vijana wa klabu za jogging wanakimbia alfajiri kwa makundi, filimbi na nyimbo, na wanapendeza, lakini mama wa miaka sitini na goti linalouma hawezi kuwafuata. Barabara ya kwao haina njia ya waendao kwa miguu. Kuna mtaro, halafu lami. Daktari ametoa dawa ambayo duka lake halipo.

Aliyemtatulia alikuwa jirani yake, mama muuza maandazi. Karibu na kwao kuna shule ya msingi ya zamani, yenye uwanja wa mchanga na miembe mikubwa iliyopandwa kuzunguka ukuta. Mlinzi alikuwa akifunga geti saa kumi wanafunzi wakitoka. Wale akina mama wakamwendea mwalimu mkuu, wakaomba waingie saa kumi na moja mpaka magharibi, wakaahidi kufagia majani. Akakubali. Sasa wanazunguka chini ya miembe, khanga kiunoni, ndala mikononi kwa sababu mchanga ni laini, wanateta wanavyotaka. Shangazi anasema mizunguko haihesabu. Anatembea mpaka umbea uishe. Vidonge bado anameza, na presha yake sasa haipandi ovyo. Nisingesema ni miembe peke yake. Pengine ni wale mashoga wanne wanaomsubiri getini, maana siku asipokwenda wanampigia simu. Lakini wasingekutana juani.

Fikiria ni shule ngapi za msingi ziko Dar zenye uwanja, ukuta na angalau mti mmoja mkubwa, na geti linalofungwa alasiri. Hatuna ardhi ya kutengeneza bustani mpya katikati ya Tandale bila kumbomolea mtu. Viwanja vya shule vipo tayari. Watoto wenyewe ndio wa kwanza kufaidika, kwa sababu darasa la wanafunzi themanini chini ya bati saa sita mchana ni adhabu, na mwalimu mwenye akili huwatoa nje akafundishia chini ya mti.

Nyumbani kwangu Tabata mambo yalikuwa magumu zaidi. Nilitaka kupanda mkungu uani, kwa sababu ndio mti wa utoto wangu, majani mapana kama sahani, kungu za kugonga kwa jiwe. Mama mwenye nyumba aliuona mche kabla hata sijachimba shimo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huo utauondoa. Mizizi yake inakwenda kwenye karo, na mimi nikishafukua karo sina hela ya kujenga jingine."

Alikuwa sahihi. Mizizi ya mkungu inatafuta maji, na maji ya uhakika kwenye nyumba za Dar yako kwenye karo. Halafu akaongeza kitu kilichonifikirisha zaidi: "Na wewe utahama. Mti utabaki wangu." Hapo ndipo penye kiini cha shida. Sehemu kubwa ya jiji hili ni wapangaji. Unalipa kodi ya miezi sita mbele, mkataba ukiisha unaongezewa bei au unaondoka. Mti wa kivuli unahitaji miaka mitano ndipo uukalie. Nani atamwagilia mti wa miaka mitano kwenye nyumba ya miezi sita? Ndiyo maana mahubiri ya "kila kaya ipande miti mitano" yanaishia kwenye viwanja vya wenye viwanja. Kwa wapangaji kivuli lazima kiwe cha barabarani, shuleni, sokoni, kwenye zahanati na vituoni.

Tulikubaliana na mama kwenye chanja ya pasheni: nguzo nne za mirunda, waya juu, mche ukatambaa. Ndani ya mwaka tulikuwa na paa la majani mbele ya jiko, na pasheni za juisi juu yake. Mama mwenye nyumba sasa ndiye anayekaa hapo zaidi ya wote.

Hatuna upungufu wa kampeni. Kila halmashauri nchini ilipangiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kila 1 Aprili kuna Siku ya Kupanda Miti, na unaijua sherehe yake: fulana mpya, sepetu mpya, kiongozi ameinama nusu akisubiri kamera. Mvua za masika zipo, kwa hiyo mche hauna shida siku ile. Shida inaanza Juni. Kuanzia hapo mpaka vuli ya Oktoba mche wa barabarani hauna rafiki. Mbuzi anapita, mpira unapita, mtu anaegesha bajaji juu yake. Hesabu iliyopelekwa wilayani ni ya miche iliyopandwa, na hakuna anayerudi Novemba kuhesabu iliyo hai.

Miti inayopona ni ile yenye mwenyewe. Kwenye kona yetu kuna kijiwe cha bodaboda chenye mwarobaini ambao hakuna mradi uliouleta. Vijana waliupanda wenyewe wakauzungushia mabanzi, wakaning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa kwa sindano kwenye kifuniko, idondoke polepole kwenye shina. Maji ya kunawa baada ya chipsi yanamwagwa pale pale. Mwenzao akigeuza pikipiki vibaya akaugusa, analipishwa soda. Leo umeshapita kimo cha mtu mara mbili, na chini yake kuna benchi, mama lishe na fundi simu. Hiyo ni ajira ya watu kadhaa iliyosimama juu ya mti mmoja.

Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, wameuelewa mchezo huu kuliko sisi. Mwaka 2017 mlima ulioachwa wazi ulimeguka kwa mvua, na watu zaidi ya elfu moja wakafa au kupotea. Tangu 2020, chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr, wamekuwa na mpango wa kupanda miti milioni moja, na kitu cha maana ndani yake ni malipo: wakazi wanalipwa kutunza miche, kila mche unapigwa picha kwa programu ya simu na kufuatiliwa baada ya kupandwa. Mche ukifa, unajulikana umefia wapi. Hiyo ni kazi ya kijana wa mtaani mwenye simu na dumu. Kwa maoni yangu, halmashauri ikiwa na fedha ya kupanda miti elfu kumi, ipande elfu moja na iliyobaki ilipe wamwagiliaji kwa miaka miwili. Mwenyekiti hatapata picha nzuri, ila atapata miti.

Kisha kuna Msimbazi, na hapo suala linavuka kivuli. Mto unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unakata jiji katikati, unaingia bahari karibu na daraja la Salenda. Bonde lake lilipaswa kuwa pafu la Dar na sponji lake. Tumelijaza nyumba, gereji, taka na mchanga ulioporomoka kutoka juu kwenye misitu iliyokatwa. Desemba 2011 mvua iliyonyesha haikuwa imeonekana kwa zaidi ya nusu karne. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu wakahamishiwa Mabwepande, mbali na riziki zao. Tangu wakati huo Jangwani imejaa maji mara nyingi kiasi kwamba hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa bondeni kabisa, ilikuwa ikigeuka bwawa. Mashabiki wa Yanga, ambao makao ya klabu yao yako hapo Jangwani, hawahitaji kusimuliwa hili.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo: kuchimba na kupanua njia ya maji, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha waliobaki kwenye hatari, na kuacha sehemu ya chini iwe hifadhi ya jiji yenye miti na viwanja. Naunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Eneo linaloweza kufurika mara mbili kwa mwaka bila kuua mtu, na miezi mingine likawa mahali pa kutembea kwa watu wa Magomeni, Kigogo na Ilala, ndicho kitu ambacho Uswahilini haikuwahi kupewa. Wasiwasi wangu ni geti. Nimeshaona jijini maeneo ya wazi yakipendezeshwa, kisha yakawekewa kiingilio, kisha ukumbi wa harusi. Shangazi hana elfu tatu ya kulipa kila jioni ili atembee.

Na wakulima wa mchicha wasisahaulike. Sehemu kubwa ya mboga za majani tunazokula Dar inalimwa humuhumu jijini, mabondeni na kando ya mito. Mchicha wa Msimbazi una sifa mbaya, kwa haki, kwa sababu maji yanayoumwagilia yamepita viwandani na kwenye vyoo, na vipimo vimewahi kukuta madini mazito kwenye mboga zake. Dawa ya hilo ni kusafisha maji. Kumfukuza mkulima kunahamishia tuta mtaro mwingine.

Kule mwisho, maji ya mto yanapokutana na chumvi, kuna mikoko. Watu wanapita darajani wakiziba pua wakidhani harufu ni ya mikoko yenyewe. Harufu ni tope lisilo na hewa na majitaka yetu. Mizizi yake ile ya kusimama juu juu inapunguza nguvu ya mawimbi, inakamata tope lisiende kufunika matumbawe, na samaki wadogo wanajificha humo. Tope hilo pia linahifadhi kaboni nyingi kuliko udongo wa misitu mingi ya nchi kavu. Ukinilazimisha niseme ni wapi Dar inaweza kuchangia kupunguza hewa ya ukaa kwa kutumia mimea, nitakuonyesha mikoko ya Kunduchi, Mbweni na Mtoni. Miti ya barabarani usiitwike mzigo huo. Mwarobaini wa kijiwe hautaokoa hali ya hewa ya dunia, na anayekuambia hivyo anatafuta ufadhili. Tanzania haikulichafua anga kwa kiasi cha kuamini miti ya Tabata ndiyo italisafisha. Kazi ya mwarobaini ni kumwezesha mtu aliye chini yake kulimudu joto ambalo limeshafika.

Nikitoa hoja hizi mtaani napingwa kwa mambo mawili kila mara, na yote yana ukweli ndani. La kwanza ni mbu. Mbu wa malaria anapenda madimbwi yaliyo wazi juani, na yule wa dengue, aliyetusumbua Dar 2014 na 2019, anazaliana kwenye makopo, matairi, ndoo na sahani za chini ya vyungu vya maua. Mti wenye shina safi hauzalishi mbu. Kichaka chenye vifuu na makopo kinazalisha, na watu wanavichanganya hivyo viwili. La pili ni usalama, na hapo wanawake wana haki ya kuwa wakali. Sehemu yenye miti mingi, matawi ya chini na giza ni mtego. Matawi yapunguzwe mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu, nyasi zikatwe, taa iwekwe, na pawe na mama lishe au muuza kahawa anayekaa pale mpaka usiku. Muuza kahawa analinda kuliko kibao cha onyo.

Kuna pia wale jamaa wa umeme wanaopita na mapanga kila mwaka kukata vichwa vya miti chini ya nyaya. Siwalaumu sana, aliyepanda mwarobaini chini ya waya ndiye alianza. Upande wenye nyaya panda mstafeli, mkomamanga, mpera, vitu vya kimo cha paa. Mwarobaini, mzambarau na mwembe viende upande wa pili. Mkungu uende ufukweni na kwenye viwanja vikubwa, mbali na makaro ya akina mama wenye nyumba.

Mwezi huu mtaa wetu una mkutano. Nimemwambia mwenyekiti nataka kuongelea geti la shule yetu, kwamba lifunguliwe jioni kama la kule kwa shangazi, na malipo ya mtu mmoja wa kumwagilia miche ya kituoni kuanzia Juni mpaka Oktoba. Kwa hesabu yangu ni dumu moja la lita ishirini kwa mche kila wiki, na kituo kinahitaji miche sita tu. Ameniambia bajeti haina kifungu cha kumwagilia, ina kifungu cha kupanda. Nimemuuliza kama michango ya ulinzi shirikishi inaweza kuongezwa mia mbili kwa kaya; amesema niandike barua. Ninaiandika. Kama mtaa wenu mmeshawahi kumlipa mtu wa kutunza miti na ikakubalika kwenye mahesabu, niambieni mliiandika chini ya kifungu gani.